Viraka vya Koboko

Jumatatu, 2 Machi 1998. Koboko.

Habari kubwa. Kampala wanatafuta msimamizi mmoja wa kompyuta kwa West Nile nzima. Madamu Nakitto, mkuu wa programu yetu, atakuja mwenyewe Ijumaa ya tarehe ishirini kumtangaza. Cheo kinakuja na pikipiki. Mpya! Nimekwisha kuiona kichwani, nyekundu, imesimama nje ya ofisi, watu wanaulizana ni ya nani.

Tuko wawili tu tunaoweza kukipata. Mimi, Zubeiri, mtoto wa sajini, mzaliwa wa hapa hapa, niliyesomea kompyuta Kampala karibu mwaka mzima. Na Étienne wa ofisi ya Arua, Mkongo aliyevuka mpaka na mke, watoto na kamusi. Étienne ni mtu mpole. Hilo ndilo linaloniudhi.

Shirika letu linagawa mbegu na majembe kwa wakulima. Programu ndiyo inayosema nani apate nini. Tukitaka kuirekebisha hatuwezi kutuma programu nzima, kwa sababu imeili yetu inapita kwenye redio, polepole, ikilia kama vifaranga. Kwa hiyo tunatuma kiraka. Unabadilisha mistari yako kwenye kompyuta. Kisha programu nyingine, ile inayotunza matoleo yote ya zamani, inalinganisha ya jana na ya leo na kutoa maandishi mafupi: mstari huu uondoke, huu uingie. Kiraka kinakwenda Arua, kutoka Arua kinakwenda Kampala. Madamu anakisoma. Akikipenda, anakishona kwenye programu.

Viraka vya Étienne vilivyoshonwa ni vingi. Changu ni kimoja. Kilikuwa cha kuondoa nukta.

Lazima nipate mbinu.

Jumatano, 4 Machi

Mbinu nimepata. Kama Madamu anahesabu viraka, basi viraka atavipata.

Programu imeandika neno "karanga" vibaya kila mahali. Mtu wa kawaida angesahihisha yote na kutuma kiraka kimoja. Mimi nimesahihisha karanga moja, kiraka kimoja. Karanga ya pili, kiraka cha pili. Nikaendelea hivyo mpaka chakula cha mchana. Kila kimoja nimekiandikia maelezo tofauti kidogo. "Marekebisho muhimu ya karanga." "Karanga, uboreshaji zaidi." Redio imelia asubuhi nzima.

Bwana Yakani, mkubwa wetu wa ghala, aliingia na kuuliza kama kuna vita. Nikamwambia ni maendeleo.

Ijumaa, 6 Machi

Jibu la Madamu limefika. Fupi. Anasema kiraka kimoja kibebe jambo moja zima, si robo ya jambo. Amevishona vyote pamoja na kuvihesabu kama kimoja. Anasema pia kwamba katika kiraka cha mwisho nimeandika "kalanga".

Étienne, ambaye barua zote zinapita kwake, ameongeza mstari wake chini. Ananisalimu, ananiuliza kama nyumbani wote wazima, na anasema maelezo yangu yalimfurahisha. Dharau ya wazi. Au labda si dharau. Kwa Étienne huwezi kujua.

Jumatatu, 9 Machi

Nimefikiri siku mbili. Nilikosea kufuata wingi wa viraka. Kitu cha maana ni mistari! Programu ya kutunza matoleo inakumbuka kila mstari uliguswa na nani. Mtu aliyegusa mistari yote ndiye mwenye programu. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika, lakini inaeleweka.

Nikaanza. Sikubadilisha kazi ya mstari hata mmoja. Nimesogeza tu. Mwanzo wa mstari palipokuwa na nafasi mbili tupu nimeweka nne. Mabano yaliyokaa chini nimeyapandisha juu. Sasa programu inapendeza kama ua lililofagiwa.

Diski ikajaa katikati ya kazi. Nikatafuta kitu cha kufuta. Nikaona folda kubwa ya matoleo ya zamani. Nani anahitaji ya zamani? Nikaifuta, baada ya kutoa kiraka, maana mimi si mjinga.

Kiraka ni kirefu sana. Kesho kinaondoka.

Jumanne, 10 Machi

Siku mbaya.

Kiraka kilianza kwenda asubuhi. Saa ya chai kilikuwa bado kinakwenda. Saa ya adhuhuri jenereta ikaishiwa mafuta, kikakatika, nikaanza upya. Jioni kikafika Arua. Étienne amekizuia huko huko. Anasema kikiendelea Kampala kitaifunga redio kesho siku nzima, na kwamba amekisoma chote na ndani yake hakuna kitu isipokuwa nafasi.

Hilo lingevumilika. Lakini kumbe mchana Arua walikuwa wanatuita kuuliza lori la majembe liende Koboko au Omugo. Redio yetu ilikuwa na kazi, hawakupata jibu. Lori limekwenda Omugo. Omugo hawakuomba majembe. Wameyapokea kwa furaha.

Bwana Yakani hakunigombeza. Alikaa kwenye gunia la mtama akaniangalia. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 12 Machi

Leo amekuja mama mmoja kutoka Abuku, kwa miguu, jembe begani. Jina lake Afisa. Mlinzi alisikia "Afisa amekuja" akasimama wima na kupiga saluti. Mama akapokea saluti kama aliyeizoea. Marehemu mume wake alikuwa askari.

Shida yake ni hii. Kila msimu anapata mbegu. Safari hii jina lake halikusomwa kijijini kwao. Nikamweleza kwa upole kwamba jina lipo, Afisa Kamisi, nimeliona. Akasema huyo ni mwingine, wa ng'ambo ya kijito. Nikamwambia kompyuta inajua Afisa Kamisi mmoja. Akaweka jembe chini.

"Mimi iko moja," akasema. "Yeye iko moja. Sisi iko wawili. Mashine yako hapana jua kuhesabu mpaka mbili?"

Nikamwambia arudi nyumbani, nitaangalia. Akasema ardhi yake amekwisha kuilima, inangoja mvua, na mvua haingoji mtu anayeangalia. Kisha akaomba maji, akanywa, akaondoka.

Ijumaa, 13 Machi

Nimeangalia. Na nimepata! Sikulala usingizi wa mchana kwa furaha.

Mwezi wa kwanza Étienne alituma kiraka. Arua kulikuwa na watu wanaojiandikisha mara mbili ili wapate mbegu mara mbili. Kiraka chake kinasema: jina likitokea mara ya pili, lifutwe. Kwa Arua ni sawa. Lakini Abuku kila nyumba ina Kamisi wake! Akina Afisa Kamisi wako wawili. Akina Nasuru Kamisi wako wanne, na programu imebakiza mmoja. Karibu theluthi ya kijiji imefutwa, na kiraka kimetiwa sahihi na Étienne mpole mwenyewe.

Ningeweza kumwandikia Madamu leo. Lakini kwa nini leo? Tarehe ishirini atakuwa hapa, Étienne yuko pembeni, Bwana Yakani anasikiliza. Hapo nitasimama. Nitasema kwa huzuni. Nimefanya mazoezi ya huzuni mbele ya kioo.

Jumapili, 15 Machi

Mvua. Imenyesha tangu alfajiri, ile mvua ya kweli ya kupandia. Mtaa mzima umetoka na majembe. Shangazi yangu aliniuliza mbona nimenuna watu wakifurahi.

Baada ya adhuhuri akapita Bwana Yakani amejifunika gunia kichwani. Anasema kwa kuwa mvua imewahi, mbegu za Abuku zitagawiwa Alhamisi. Nikamuuliza haiwezi kuwa Jumamosi, baada ya Madamu kuja. Akaniuliza kama nimewahi kuona maharage yanayomngoja Madamu.

Alhamisi ni tarehe kumi na tisa. Yaani hotuba yangu itakuja siku moja baada ya theluthi ya Abuku kurudi nyumbani mikono mitupu. Nilijaribu kuona kwamba hotuba ingekuwa na nguvu zaidi hivyo. Nilijaribu sana. Kila mara nilimwona yule mama ameketi kwenye ardhi yake nyeusi iliyolimwa vizuri.

Basi. Nitatengeneza mwenyewe. Na pikipiki itafuata yenyewe, maana mtu anayeokoa kijiji hawezi kuachwa atembee.

Jumatatu, 16 Machi

Dawa yenyewe ni ndogo. Programu isiangalie jina peke yake. Iangalie jina, jina la babu, na mtaa. Nimeandika, nimejaribu, akina Afisa wote wawili wakatokea kwenye skrini, mmoja chini ya mwingine. Nilipiga makofi peke yangu.

Nikatoa kiraka, nikakituma. Kimerudi mchana. Madamu anasema kimekataa kushonwa. Kiraka hutaja mistari iliyo juu na chini ya badiliko, ili kompyuta ijue pa kushona, na mistari niliyoitaja mimi kwake haipo. Nimesogeza nafasi zote, nimepandisha mabano. Yeye ana programu ya zamani, mimi nina ua lililofagiwa. Ananiambia nichukue nakala safi kutoka kwenye matoleo ya zamani, nirudie.

Matoleo ya zamani. Yale niliyoyafuta.

Programu nzima haiwezi kuja kwa redio. Nakala safi iliyo karibu iko Arua, kwenye kompyuta ya Étienne. Nimekaa nikitafuta njia ya tatu. Njia ya tatu haipo.

Jumanne, 17 Machi. Arua.

Nilipanda lori la shirika, juu ya magunia matupu. Njia ilikuwa matope mpaka Maracha. Mara mbili tulishuka kusukuma. Niliingia ofisi ya Arua na tope mpaka magotini. Étienne akanipa maji ya kunawa, kisha chai, kisha ugali wa muhogo na samaki mkavu aliofungiwa na mke wake. Hakuniuliza nimefuata nini mpaka nilipomaliza kula. Nilikuwa nimeandaa uongo njiani, uongo mzuri, wenye virusi ndani yake. Lakini tumbo lilikuwa limejaa chakula chake.

Nikamweleza kuhusu Abuku. Sikuficha kwamba kiraka kilichofuta watu ni chake. Nilingoja abishe. Hakubisha. Alifungua kile kiraka cha mwezi wa kwanza akakisoma polepole, midomo ikitembea, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Akasema kwao Ariwara, kule Kongo, pia majina yanafanana, angalipaswa kujua. Akauliza yule mama alisema nini. Nikamwambia. Akainama.

Kisha tukafanya kazi. Alinitolea nakala safi. Kila niliposogeza nafasi, maana mkono umezoea, aligonga meza kwa kidole, nami nikairudisha. Tulipomaliza, nikakiona kiraka changu kwenye skrini. Kidogo! Nikamwambia Madamu atadhani sikufanya kitu.

"Iko mistari sita tu, ndugu," akasema. "Ingine yote ilikuwa kiburi yako."

Nikamsogezea kikombe, kwa sababu alikuwa anamimina chai.

Akaniambia niandike maelezo mwenyewe. Nikaandika ukurasa. Akaniuliza kwa upole kama Madamu anahitaji kujua kuhusu baba yangu sajini. Nikafuta. Yakabaki haya: Abuku kuna watu wawili wenye jina moja, programu inamfuta wa pili, kiraka hiki kinamrudisha. Nikatia jina langu. Nikamngoja aombe na lake litiwe. Hakuomba. Vifaranga wakalia kidogo tu, wakanyamaza. Kimekwenda.

Jumatano, 18 Machi. Koboko.

Nimerudi na nakala safi kwenye disketi, nimeivalisha soksi. Jibu la Madamu lilikuwa limetangulia. Neno moja: "Kimeshonwa."

Nimelisoma mara nyingi. Ni neno zuri.

Alhamisi, 19 Machi. Abuku.

Nimekwenda na Bwana Yakani kugawa. Watu walipanga mstari kuanzia chini ya kanisa mpaka msikitini. Nikasoma majina. Nilipofika kwa Afisa Kamisi walijitokeza wanawake wawili, mmoja mrefu mmoja mnene, wakatazamana, wakacheka. Nikasoma mtaa na jina la babu. Kila mmoja akapokea fungu lake. Mama yule wa jembe alipopita mbele yangu hakunishukuru. Alisema mashine imekua. Kisha akaangalia mawingu, akaondoka haraka na maharage yake kichwani.

Akina Nasuru Kamisi wanne walitaka kusalimiana nami mmoja mmoja. Nilihisi kitu kifuani. Nadhani ni pikipiki inakaribia.

Ijumaa, 20 Machi

Pikipiki ni ya Étienne.

Madamu Nakitto ni mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwenye uzi. Alikaa kwenye kiti changu. Alisema kiraka cha Abuku ndicho kiraka bora alichopokea mwaka huu, kifupi, safi, maelezo yanaeleweka. Nikasimama nusu. Akasema mwandishi wa kiraka hicho ana kipaji. Nikasimama kabisa. Akasema msimamizi ni Étienne, kwa sababu kazi ya msimamizi ni kukataa viraka vibaya, na Étienne alikataa kile kirefu cha nafasi, kibaya kuliko vyote alivyowahi Madamu kuvisikia. Nikakaa.

Étienne alinipa mkono kwa mikono miwili. Pikipiki si nyekundu hata. Ni ya kijani.

Madamu ameacha sheria mpya. Tangu leo kila kiraka kisomwe na mtu wa pili kabla ya kutumwa, na jina la msomaji liandikwe chini. Anapendekeza viraka vyangu avisome Étienne, vya Étienne nivisome mimi. Mbele ya watu nimekubali.

Jumatatu, 23 Machi

Étienne asome viraka vyangu? Agonge meza kwa kidole chake? Hapana. Madamu alisema mtu wa pili. Hakusema lazima awe nani.

Leo nimetuma kiraka cha mtama. Chini nimeandika: "Kimesomwa na Mogga, Koboko." Mogga nimemtunga mwenyewe asubuhi, lakini ni mtu makini. Ameona kosa moja dogo, nimelisahihisha. Ameongeza kwamba kazi ya Zubeiri inamvutia.

Sheria imefuatwa. Hakuna aliyeumia.

Alhamisi, 26 Machi

Viraka vitatu vimeshonwa. Mogga anazidi kuwa mkali. Jana alinikatalia nafasi nne, nami kwa shingo upande nikakubali. Madamu ameandika kwamba anapenda jicho la Mogga.

Mchana ameandika tena. Anasema ofisi ya Koboko inahitaji mkubwa wa kompyuta, na mtu anayemsahihisha Zubeiri kwa adabu namna hii ndiye anayefaa kuwa mkubwa wake. Mogga aende Kampala Jumatatu kwa mahojiano. Nauli italipwa.

Mimi nitakuwa chini ya Mogga! Baada ya yote niliyomfanyia.

Nimejibu haraka. Mogga anashukuru sana, ila amefiwa na shangazi yake, hawezi kusafiri. Mambo yamekwisha.

Ijumaa, 27 Machi

Nilisahau kwamba barua zote zinapita kwa Étienne.

Amefika leo adhuhuri na pikipiki ya kijani, kutoka Arua mpaka hapa, mvua juu. Amebeba mfuko wa sukari na majani ya chai kwa ajili ya matanga. Ofisi ya Arua imechanga. Mke wake ametuma kitenge. Anasema yeye mwenyewe alipofiwa hapa ugenini, watu wasiomjua walikuja, na hawezi kusahau. Anataka nimpeleke kwa Mogga ampe pole.

Nimemwambia nyumbani kwa Mogga ni mbali. Akasema tangi limejaa. Nimemwambia njia ni mbaya. Akasema tutasukuma pamoja. Nimemwambia Mogga ana huzuni, hapendi wageni. Akasema watu wa namna hiyo ndio wa kutembelewa kwanza.

Nimemwomba anywe chai kabla hatujaondoka. Ameketi nje mlangoni, mfuko wa sukari magotini, anapuliza kikombe. Nimeingia ndani kidogo, nimesema natafuta viatu. Naandika haya nikiwa nimevivaa. Nje wanapita watu wa sokoni. Kuna mmoja mrefu, mtulivu, ana uso wa mtu aliyefiwa. Simjui, lakini Étienne naye hamjui Mogga.

Étienne amemaliza kikombe. Nimemwongezea.